Dakika Arubaini za Mjomba

Kila nisikiapo harufu ya peremende ya mnanaa, namdharau mjomba upya. Bibi alipozidiwa, mjomba alipelekewa simu huko Pemba aje kijijini kwetu Munje, Unguja, upesi. Alifika matanga yakianuliwa, kavaa suti mpya, akatugawia watoto peremende alizopewa ndegeni.

"Pemba hadi Unguja, maili themanini, kwa dakika arubaini! Hata chai haipoi!"

Mama, dada yake, akaacha kukunja mikeka. "Na siku tatu ukimngoja fundi wa suti. Mama alikata roho akiuliza, 'Kashafika?'"

"Sasa dada, ningepandaje ndege na kanzu kuukuu?"

Mimi, niliyekuwa nikiota mawingu kila siku, nilikaa naye jioni nzima. Sikumuuliza yanafananaje ukiyatazama kutoka ndegeni.