Kutu Ndani ya Jembe

Juzi, kwenye maabara ninapofanya kazi, tuliletewa ekseli ya lori iliyokatika. Chini ya hadubini niliona pale ilipokatikia nusu imeshika kutu na nusu inang'aa. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni nyumbani, Nyakisasa.

Tulikuwa kwenye maharage, udongo unanukia mvua, jembe la mama likalia ka! likavunjika. Bibi, mama yake baba, alifoka: "Mkamwana gani huyu? Na langu usiliguse!"

Mama aliuweka mpini chini. Alikaa chini ya migomba, akanyoosha miguu, akatulia hivyo hadi jua likazama. Nilidhani analilia jembe. Nikaokota vipande, nikaona wekundu pale palipovunjikia, nikaamini jembe nalo hutoka damu.

Jana nilimpigia simu.

"Shikamoo, mama. Lile jembe hukulivunja wewe. Lilikuwa na ufa wa zamani."

"Marahaba. Nilijua, kutu niliiona."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Akashusha pumzi, kama mtu anayetua mzigo.

"Bibi yako angejua si kosa langu, mwanangu, angeniazima la kwake niendelee kulima."