Kitambaa cha Kitovuni

Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi huko Chanika. Ninafundisha vijidudu na kunawa mikono, na ni mkali kwa wasionawa. Nalitaja hili mapema ili mtu asidhani nilifanya kwa kutojua.

Mwanangu alizaliwa kabla ya siku zake, kilo moja na robo. Walimpitishia mrija mwembamba kitovuni, hadi karibu na moyo, na humo ndimo dawa na chakula chake vilimopita. Muuguzi wetu, dada mfupi asiyecheka ovyo, kila zamu alinawa, akasoma namba iliyoandikwa kwenye mrija ahakikishe haujasogea, kisha akakagua ngozi.

"Kitovu kikae wazi nikione," aliniambia. "Usifunike, usiguse. Mrija ukivutika au uchafu ukiingia, tunampoteza."

Siku ya tatu mama mkwe alifika kutoka Songea. Hakuruhusiwa kuingia wodini, akaniita dirishani. Shikamoo yangu aliipokea harakaharaka.

"Kitovu kimedondoka?"

"Bado, mama."

"Basi angalia kisije kikamwangukia uumeni. Mtoto wa kiume kikimwangukia pale ndiyo basi tena, hatazaa. Wajukuu wangu wote nimewalinda mwenyewe. Huyu utaniharibia wewe?"

Nilijua ni imani tu. Lakini nilikuwa sijalala tangu nijifungue, na mume wangu ni mwanawe wa pekee wa kiume. Mchana, dada alipokwenda kwa mtoto mwingine, nilichana ukanda wa kitenge changu nikamzungushia mwanangu tumboni ili kitovu kisishuke. Nilifunga taratibu sana. Hata mikono nilinawa.

Dada aliporudi kusoma namba yake, aliukuta ukanda umelowa damu.

"Nani kafunga hapa?"

"Mie."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikibana kitovu huku akiita daktari. Mrija ulikuwa umevutika, ikabidi utolewe. Damu ile kwa mtu mzima si kitu, ila yeye alikuwa nayo kidogo mno. Wakatafuta mshipa mkononi, wakakosa. Mguuni, wakakosa. Kila walipomchoma alifungua mdomo kulia na sauti haikutoka. Husemwa majuto ni mjukuu, lakini yangu yalikuwa mtoto mwenyewe, amelala mbele yangu. Nilimwomba Mungu anichukue mimi, na nilimaanisha.

Mshipa waliupata kichwani, baada ya kumnyoa upande mmoja. Kesho yake akapanda homa. Siku nne nilisimama pale nikihesabu anavyohema, nikimchukia mama mkwe, kisha nikijichukia zaidi, kwa sababu yeye hakusoma sayansi. Kila alasiri aliniuliza dirishani kama ninakiangalia kitovu. Nilimjibu ninakiangalia.

Homa ilishuka. Wiki iliyofuata, tulipokuwa tumeruhusiwa kumbeba kifuani, nilifungua nepi nikakikuta kitovu kimedondoka. Kilikuwa kimelala palepale alipopaogopa bibi yake. Nilikitazama, kitu kikavu kisichozidi punje ya maharage, ambacho kwa ajili yake nusura nimuue mwanangu. Nikakaa sakafuni nikalia, naye akakojoa, akanilowesha mkono.

Alasiri nilimwambia mama mkwe kwamba kimeangukia pembeni. Alimshukuru Mungu, kisha akanisifu jinsi nilivyomlinda mjukuu wake.