Mkongo Aliyeshindwa Kuuzunguka Mpeasi

Nilikuwa Kigoma nikiuza mashuka mama aliponipigia simu. Kijijini kwetu, huko juu Lushoto, mtandao unashika kwenye jiwe moja tu nyuma ya kanisa, na hata hapo unakuja kwa vipande. Nikasikia kwamba kuna Mkongo anakuja, kwamba mwenyekiti wa kitongoji amesema atapita katikati ya shamba letu, na kwamba mpeasi wa marehemu baba utakatwa ili apate njia. Kisha simu ikakatika.

Nilikaa juu ya robota langu nikiwaza. Kigoma Wakongo nawaona kila siku, na miti wanaizunguka kama watu wengine. Huyu ana unene gani hata ashindwe kupita pembeni?

Mimi ni mtu wa kuhamahama, sijui kukaa. Lakini kila mji niliolala nimeyakumbuka mapeasi ya mti ule, alioupanda baba mwaka niliozaliwa. Nikayatupa mashuka kwa bei ya aibu, nikapanda basi.

Nilimkuta mama ametulia. Alikuwa na mpango wake: Mkongo alishwe mpaka aone haya.

"Mwenye njaa ndiye anayekata njia," alisema. "Aliyeshiba anazunguka."

Sisi ni Walutheri, lakini dini ya mgeni haikujulikana, kwa hiyo jogoo alichinjwa na jirani yetu Mwislamu. Nami, kama mtaalamu kutoka Kigoma, nilitakiwa nimfundishe mama salamu ya Kikongo. Nilijua neno moja, mbote, akalirudia asubuhi nzima akipalilia kabichi.

Gari likaja. Wakashuka wachimbaji na sururu zao, msimamizi, na gurudumu kubwa la mbao lililozungushiwa waya mweusi. Mama akakaza khanga, akamwendea msimamizi.

"Mbote."

"Shikamoo, mama," alijibu yule bwana, kwa lafudhi ya Singida kabisa.

"Marahaba. Mkongo yuko wapi?"

"Ule pale."

Mama akaenda kuchungulia nyuma ya gurudumu. Akarudi akasema hakuna mtu.

Ikabidi tuelezwe wote wawili. Mkongo ni waya wa mawasiliano. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga unaokimbia humo hubeba simu, picha na makaratasi ya ofisi kutoka mji hadi mji. Mama akamgeukia mwenyekiti, ambaye alikuwa amefuata harufu ya jogoo. Mwenyekiti akajitetea kwamba yeye siku ile alisema "utapita". Mama hakubisha. Alikiri kuwa alisikia "utapita", ila alidhani ni Kiswahili cha mwenyekiti kimepinda, akamnyooshea kimoyomoyo.

Jogoo alikuwa ameshaiva, kwa hiyo wakala. Msimamizi, paja mkononi, alieleza kwamba mkongo hautaki kona kali. Ukikunjwa sana mwanga unapotea. Tena kila hatua ya ziada ni uchimbaji wa ziada. Mama akamwongezea mchuzi. Msimamizi akainuka, akauzunguka mpeasi mara mbili akilamba vidole, akasema mkongo ukipindishwa polepole, kwa upinde mpana, labda utakubali.

Ukakubali. Upinde ule ulipita juu ya matuta matatu ya kabichi, na mama akazing'oa kabichi mwenyewe kuwapisha wachimbaji.

Mimi sasa niko Tunduru. Mkongo ulikwenda zake kwenye ofisi za wilaya. Kuuvuta hadi nyumba ya mtu mmoja mlimani ni gharama ambayo hakuna aliyeitaja mara mbili. Mama bado anapanda jiwe lake. Juzi alinipigia kusema mpeasi umezaa mpaka matawi yanainama. Nikamuuliza habari za mkongo.

"Hajambo," alisema. "Anapita tu hapo chini. Ila tangu ale jogoo wangu, hata salamu hana."

Kisha simu ikakatika.