Kilemba cha Amsterdam

Mishi Hamdan aliingia kwenye mambo ya intaneti kwa sababu ya pilau. Enzi hizo simu ya mkononi ilikuwa ya mbunge na mkewe. Mtaalamu mmoja kutoka Nairobi, mwenye suspenda nyekundu, zile kanda za mabegani za kushikilia suruali, aliandaa semina katika hoteli mjini Nyeri, na mwaliko ukasema chakula kipo. Mishi akakaa karibu na mlango wa jikoni. Kabla pilau haijatoka alikuwa ameshaambiwa kwamba dunia ni kijiji, mipaka imekufa, na broka, yule mtu wa katikati anayenunua shambani kwa bei ya matanga na kuuza mjini kwa bei ya harusi, atazikwa kabla ya mwaka kwisha. Mkulima wa Endarasha atamuuzia Mzungu viazi moja kwa moja, huku amekaa.

"Na lori je?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Mtaalamu akasema lori ni fikra za kizamani.

Mishi akaamini. Alikuwa kwenye umri ule ambao mtu huamini suspenda. Akamsumbua baba yake mpaka akapewa chumba cha juu ya bucha yake, akatia kompyuta tano kuukuu na kuzitenganisha kwa mbao nyembamba, kisha akaandika mlangoni: Dunia Moja Saiba. Laini ya simu ilikuwa moja, ile ya bucha. Mtu akipiga kuulizia maini, dunia nzima ilikatika.

Vijana walikuja kutafuta wachumba wa Canada. Pasta mmoja alikuja kunakili mahubiri ya Wamarekani, na Jumapili akayatoa kama ameshushiwa yeye binafsi. Lakini mwanafunzi bora wa Mishi alikuwa Mathenge, broka wa viazi wa soko la Karatina. Huyo alijua barua pepe kwa wiki moja, akakitwaa kibanda cha dirishani kikawa kama chake. Jambo hilo lilipaswa kumshtua Mishi, kwamba marehemu ndiye wa kwanza kuzoea kaburi. Halikumshtua.

Ndipo akaja Theuri wa Endarasha, na kiazi kimoja mfukoni.

"Dada, ati hapa mnauza viazi kwa Wazungu?"

"Tunauza, mzee wangu. Unavyo?"

"Niko navyo store mzima. Huyu ni mmoja wao."

Mishi alikiweka kile kiazi kwenye mashine ya kunakili picha, akaandika tangazo kwenye ukurasa wa wafanyabiashara wa ng'ambo. Picha ilitokea kwenye skrini kwa vipande, kutoka juu kwenda chini, polepole, na Theuri akavua kofia hadi kiazi kizima kilipotokea. Alirudi nyumbani akiwa mtu mpya. Mabroka walipokuja na lori aliwafukuza, Mathenge akiwa wa kwanza, akawaambia yeye sasa anashughulika na Ulaya.

Ulaya ikanyamaza. Mvua ikaanza, na mle ghalani viazi vikaota macho, kisha machipukizi. Kila siku ya soko Theuri alipanda ngazi za bucha.

"Dada, Mzungu amesema nini?"

"Bado, mzee wangu."

"Mwambie bibi yangu Wacera haongei na mimi tena. Anaongea na ng'ombe tu, na anahakikisha nasikia. Hii wiki ikiisha, hiyo yote ni ya kulisha nguruwe. Na mimi sina nguruwe."

Mishi alikosa usingizi. Neno lake ndilo lililofunga lile ghala. Viazi vikioza, hakuna mtu wa Endarasha angepanda tena ngazi zile, ila kuja kumtukana.

Siku iliyofuata ya soko, barua ikaja. Bwana Johnson, wa Amsterdam. Theuri akavuta kiti, na Mishi akamsomea kwa sauti, akitafsiri. Bwana Johnson amekiona kiazi na kimemfurahisha sana. Atachukua vyote, kwa bei nzuri kuliko ya barabarani. Wakala wake atakuja na lori kesho kutwa.

"Mungu ni mwema," Theuri akasema, machozi yakimlengalenga. "Wacera atanyamazia ng'ombe."

"Ngoja, kuna mstari mmoja bado. Anasema magunia yawe..." Mishi akasita. "Yawe na kilemba juu."

Mkulima yeyote wa mlimani anakijua kilemba. Gunia likishajaa, broka hudai viazi virundikwe juu ya mdomo wake na kufungwa kwa wavu, mpaka gunia linafanana na mkorino, muumini wa lile dhehebu la wavaa vilemba, anayeenda kanisani. Kilemba hicho hubeba karibu nusu ya gunia jingine, na broka hulipia gunia moja tu.

"Amsterdam kuna wakorino?" Theuri akauliza polepole.

Kwenye kibanda cha dirishani, vidole vilivyokuwa vikibofya vikatulia.

"Johnson," Mishi akaita, bila kugeuka. "Kuna baridi huko Uholanzi?"

Kikatoka kikohozi.

"Iko kidogo," Mathenge akajibu.

Theuri akainuka, kiti mkononi. Mishi akamkalisha.

"Mzee wangu, tulia, mnunuzi wetu huyu. Mathenge, toka huko."

Mathenge akajitokeza, kofia mkononi. "Mishi, hii ni biashara tu. Wewe mwenyewe ndiye ulinifundisha."

"Nilikufundisha vizuri. Sasa sikia. Bei ni ile uliyoandika ukiwa Amsterdam. Gunia linashonwa mdomo, bila kilemba. Na lori ni leo."

"Leo? Na nikikataa?"

"Nitaichapisha hii barua niibandike kwenye lango la soko la Karatina, pamoja na picha ya kiazi."

"Hapo sasa unaniua."

"Wewe ulikufa zamani," Mishi akasema. "Nilihudhuria semina."

Theuri ndiye aliyeanza kucheka. Kabla ya giza lori lilikuwa Endarasha, na Wacera mwenyewe alisimamia kushona, akimwambia ng'ombe kwa sauti kwamba hata kiazi kimoja hakitazidi mdomo wa gunia. Barua haikubandikwa. Ila Theuri aliisimulia, na mpaka leo Mathenge huitwa Amsterdam.

Dunia Moja bado ipo. Serikali ilihamishia shughuli zake mtandaoni ili wananchi wasipange foleni, kwa hiyo wananchi wanapanga foleni kwa Mishi. Yeye ndiye mtu wa katikati siku hizi, na hilo humchekesha. Juzi kijana mmoja alimletea programu ya simu ambayo, alivyosema, itamaliza mabroka kabisa.

"Nionyeshe wanunuzi," Mishi akasema.

Wa kwanza kabisa, mwenye nyota tano: Amsterdam Traders, Karatina.

Bado alikuwa akicheka, ameshika meza, pikipiki iliposimama chini ya bucha. Theuri alikuwa ameleta gunia lake la kila mavuno, la Mishi, la bure. Tangu siku ile, ndilo gunia pekee ambalo mzee huyo hulivika kilemba.