Nanga Ndani ya Shamba Langu la Mwani

Picha yangu ya kwanza ya chini ya maji ilichekwa na mkutano mzima wa kijiji. Mwenyekiti aliigeuza juu chini, akaisogeza mbali na macho, akaniuliza, "Dada yangu, hii ni bahari au ni mlenda?" Watu wakaangua kicheko. Nahodha wa boti ya watalii, ambaye ndiye niliyemshtaki, alicheka kuliko wote. Nikakaa chini masikio yananiwaka moto.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Sisi wanawake wa Mlingotini tunalima mwani. Tunapigilia vigingi mchangani, tunatandaza kamba, tunafunga mbegu, na maji yakitoka tunaingia kwa miguu yetu kuhudumia. Boti ile ilikuwa ikileta wageni kutoka mahotelini, na kwa kuwa penye mwani wetu pametulia, nahodha anatupa nanga papo hapo. Nanga inaburuzwa, kamba zinakatika, mwani unakwenda na maji. Tukilalamika anatuambia kamba zetu zimeoza. Na sasa alikuwa amewashawishi wakubwa wa kijiji kwamba mashamba yasogezwe mbele, kwenye kina, eti ili kila mtu apate nafasi. Nafasi gani? Kwenye kina anafika mwenye chombo, na sisi chombo hatuna. Akufukuzaye hakwambii toka! Mwenyekiti akasema kama tuna ushahidi wa maana tuulete mkutano ujao, la sivyo tuhame.

Kamera alininunulia mdogo wangu Kariakoo, ya mtumba, ya njano kama kipande cha sabuni, ya watu wanaoanza. Mama mkwe wangu alipoiona alisonya. "Mwanamke mzima unachezea mdoli baharini." Alikuwa tayari ana kinyongo na mimi. Mwanawe, yaani mume wangu, alituletea doti moja ya kanga nyekundu yenye michoro ya korosho tugawane, mama yake kipande na mimi kipande. Changu kilipochakaa nilikichana vitambaa nikavifunga kwenye vigingi vyangu, maana huku kwetu kila mwenye shamba la mwani ana kitambaa chake cha kulitambua. Mama akaniambia sijui thamani ya kitu, akaninunia.

Basi, baada ya kuchekwa, nikaapa sichekwi tena. Kosa langu lilikuwa la mkulima wa mwani: nilipiga picha siku za bamvua, maji yanapotoka sana, kwa kuwa ndizo siku tunazokwenda shambani. Lakini ndizo siku tunazovuruga tope sote kwa miguu! Nikangoja maji mafu, bahari isipotoka sana na hakuna mtu shambani. Maji yakanifika kifuani, jua limepanda, nimelipa mgongo, naona mpaka kucha za miguu yangu. Hata hivyo picha zikatoka kijani. Nilikuwa nimesimama mbali nikitaka shamba zima liingie. Tamaa tu! Maji yanakula rangi, ukirudi nyuma kidogo nyekundu inakuwa kahawia. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nikaazima miwani ya kuzamia, nikalala juu ya maji miguu isiguse mchanga, nikasogea mpaka karibu nikiguse ninachokipiga. Kioo cha kamera nilikisugua kwa mate, kikaacha kushika viputo. Na nikibonyeza sitikisiki, nabana pumzi, kwa sababu kamera yenyewe ni nzito kuelewa, inachelewa kupiga.

Nikiwa katika kujifunza huko, siku moja boti ikaja na wageni wake wakiimba. Nahodha hakuniona, au aliniona akanidharau. Nanga ikashuka, ile nanga yake aliyoipaka rangi nyeupe, ikaburuzwa juu ya mwani wangu ikanasa kwenye kamba na kukilaza kigingi. Wallahi hasira ilitaka kunitoa roho. Nilitamani kuibuka nimtukane mpaka wageni wake washike masikio. Lakini nikazama, nikasogea karibu, nikabana pumzi, nikabonyeza.

Nilikwenda kuisafisha picha mjini Bagamoyo, na ilipotoka nililia pale pale dukani. Nanga nyeupe, kamba imekatika, kigingi kimelala, kitambaa chekundu.

Mkutanoni mwenyekiti aliitazama. Nahodha akachungulia, akacheka. "Hii si ya hapa. Haya maji ya kwenye intaneti. Bahari yetu tope tupu, si mliona wenyewe ile picha ya kwanza? Na nanga nyeupe ziko tele duniani." Na watu wakatikisa vichwa kukubali! Jamani! Picha mbaya, haina kitu. Picha nzuri, si yako. Nilisimama nikaropoka yote yaliyokuwa kifuani, mpaka mwenyekiti akaniamuru nikae niache kupayuka, mambo ya kuhama yameshaamuliwa.

Ndipo mama mkwe akainuka mkekani huko nyuma, akaja mbele polepole. Mwenyekiti akamwamkia, "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Sijawahi kuona mzee wetu akiacha shikamoo ining'inie hivyo. Aliichukua picha, akavua kanga aliyojitanda, akaweka pindo lake ubavuni mwa kile kitambaa cha pichani. Nyekundu kwa nyekundu, korosho kwa korosho.

"Doti hii aliinunua mwanangu," alisema. "Kipande hiki ninacho mimi. Kile kingine mkewe kakichana, kakifunga kwenye kigingi chake, na nilimgombeza. Sasa niambieni, huko intaneti kimefikaje?"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alivaa miwani, akavua, akavaa tena, kisha akatamka kwa sauti ndogo kwamba mashamba ya mwani yatabaki pale pale yalipo, na boti zitie nanga nje ya vigingi.

Mama alijitanda kanga yake taratibu, akanirudishia picha yangu, halafu akamgeukia mwenyekiti.

"Marahaba," akamwambia.