Arobaini ya Bi Khairiya

Kenga Kaingu ametoa mizigo ya watu bandarini Kilindini miaka kumi na tisa, na muda wote huo simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe. Ina tochi, ina redio, na chaji yake hukaa siku nne. Ikianguka, tunaitazama sakafu kwanza kama imeumia. Mtu anayeshinda juani akifukuzana na makontena, abebe kioo mfukoni cha nini?

Mimi namjua kwa pande mbili. Tudor twaishi jengo moja, yeye na mkewe ghorofa ya pili, mimi chini. Na ofisini kwao mimi ndiye ninayefagia na kupika chai. Kwa hivyo haya sikusimuliwa.

Mkurugenzi wetu, Bwana Bramwel Odera, alikwenda semina ya siku mbili katika hoteli moja, akala vizuri, akarudi na akili. Jumatatu akatukusanya. Ofisi ya kisasa, akasema, haina haja ya kuwa na simu zake. Kila mfanyakazi afanye kazi ya ofisi kwa simu yake mwenyewe. Mpango wenyewe akaupa na jina, Lete Chako. Ile simu ya mezani niliyoipangusa vumbi miaka minane ikang'olewa, pakabaki tundu ukutani.

"Na ufagio je, nije na wangu?" nikauliza.

"Mama, wewe unapenda mzaha," akasema Bwana Odera. Hakusema hapana.

Kukaletwa fomu. Ilisema mwenye simu ndiye atakayewajibika kwa kila ujumbe utakaoingia. Asiyekuwa na simu ya kioo kufikia Ijumaa, arudishe pasi yake ya bandarini. Hapo hakuna aliyemtazama Kenga, kwa adabu. Bila pasi hiyo askari wa lango hamjui, awe ni wa miaka kumi na tisa au ni wa jana. Na Kenga ana miaka hamsini na sita. Kazi nyengine aijuayo ni kulima, na shamba alilimaliza babake.

Nyumba ya Kenga ina simu moja ya kioo, nayo ni ya mkewe, Purity. Huyu hupikia watu shughuli: mahamri, mbaazi za nazi, sambusa, na oda zote huingia humo. Alipoombwa simu alimwangalia mumewe kama mtu aliyeombwa figo.

"Ukiichukua hii, tule nini?"

"Nisipoichukua, pasi inakwenda."

Wakaelewana hivi. Kenga akaandika nambari ya Purity kwenye fomu, na simu ikabaki Tudor jikoni. Ujumbe wa ofisi ukiingia, Purity anausoma, anampigia Kenga kwenye kabambe kule bandarini, anamwambia. Ujumbe wa mahamri ukiingia, anabaki nao. Bwana Odera akawa amejipatia karani wa pili bila mshahara, bila meza, bila hata kumjua. Semina hizo zina faida.

Wiki tatu mambo yalikwenda. Purity alikuwa akigeuza sambusa huku akiwaelekeza madereva wa malori. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mmoja, "Kaka, subiri hapo langoni, mume wangu anakuja na karatasi, na usiniite bosi."

Sasa, bandarini kontena ni la futi ishirini au la futi arobaini, na watu hawana muda wa kusema yote hayo. Husema tu "ishirini yangu" na "arobaini yangu". Lakini jikoni kwa Purity, kama kwa kila mtu mwengine Mombasa, arobaini ni siku ya arobaini tangu mtu azikwe, watu wakutane wamsomee khitma, kisha wale.

Jumatano ukaingia ujumbe kutoka nambari asiyoijua. Mwenyewe alikuwa Bi Khairiya, mwenye duka la mazulia Mji wa Kale, mteja wa ofisi yetu wa miaka sita. Aliandika: "Asalaam aleikum. Arobaini yetu ni Ijumaa. Iwe saa mbili asubuhi, uwanjani kando ya msikiti. Watu wangu watakuwa tayari. Msiniangushe."

Purity akajibu palepale: "Waaleikum salaam. Pole sana kwa msiba. Mungu awape subira. Watu ni wangapi?"

Bi Khairiya, ambaye mazulia yake yalikuwa yamekaa bandarini karibu mwezi, hakuona ajabu. Akajibu: "Ahsante mwanangu, ni msiba kweli, silali. Watu ni kumi na wawili, wana nguvu zao."

Kumi na wawili, wana nguvu zao. Purity akapima unga wa mahamri mia moja. Kenga hakupigiwa simu, maana huu haukuwa ujumbe wa ofisi.

Ijumaa saa mbili, tuktuk ikasimama kando ya msikiti. Purity akashuka na beseni la mahamri na sufuria ya mbaazi, kajitanda leso, uso ameutengeneza wa matanga. Akakuta makuli kumi na wawili wamekalia mikokoteni yao, na Bi Khairiya na buibui lake anatazama barabarani.

"Pole mama," akasema Purity.

"Nimeshapoa. Arobaini yangu iko wapi?"

"Ndiyo hii."

Bi Khairiya akalifunua beseni. Walivyofahamishana hapo sikuwepo, lakini makuli hawakungoja ufafanuzi. Walipomaliza kufahamishana, mahamri yalikuwa yamebaki sita.

Saa nne wote wawili wakaingia ofisini kwetu, Bi Khairiya mbele, Purity nyuma na beseni lenye mahamri sita. Kenga alikuwa ameshaitwa. Bwana Odera aliposikia kisa akakunja uso na kunyoosha mkono.

"Kenga, leta pasi."

Kenga akaivua shingoni taratibu, akaiweka mezani. Mimi nikalitua birika la chai.

"Fomu uliitia sahihi," akasema Bwana Odera. "Mwenye simu ndiye anayewajibika."

"Basi ni mimi," akasema Purity. "Simu ni yangu. Nifute kazi mimi."

"Mama, wewe si mfanyakazi wetu."

"Najua. Ndiyo nasema niandike kwanza, unilipe hizi wiki tatu, halafu unifute vizuri."

Bi Khairiya akacheka mpaka akatafuta kiti. Alipopata pumzi akamgeukia mkurugenzi.

"Bwana Odera, miaka sita nakuleteeni mizigo, sijapata kujibiwa siku ileile. Juzi nimejibiwa papo hapo, nikapewa pole, nikaulizwa watu wangu wangapi. Nilidhani ofisi imeokoka, kumbe nimejibiwa na jikoni." Akaisukuma pasi kwa kidole mpaka mbele ya Kenga. "Huyu avae hii, anitolee arobaini yangu. Au niende kwa ofisi yenye simu."

Bwana Odera aliutazama mlango, akamtazama mteja. Ya semina yakamtoka kichwani moja moja. Akakohoa.

"Kenga, vaa uende."

Kontena lilitoka Jumamosi. Jumatatu ofisi ya kisasa ikagundua kitu kipya kabisa, nacho ni simu ya ofisi. Ni ya mtumba, kioo kina ufa, imefungwa kwa mnyororo mezani palepale ilipokuwa ile ya zamani, na mimi naipangusa kila asubuhi kama kawaida. Simu ya Purity imerudi kuwa ya oda tu, na Bi Khairiya siku hizi akitaka sambusa anamwandikia, "Arobaini, lakini za kula."

Kenga naye akaletewa fomu nyengine, kwamba ni marufuku kutumia simu ya ofisi kwa mambo ya nyumbani. Aliisoma yote, akaomba kalamu. Ya ofisi haikuwepo. Akaitia sahihi kwa yake.