Nilivyomlisha kapibara mmoja pilipili hoho kwa siri huko Doha, nikampotosha daktari wa utafiti

Salaam wakuu, natumaini wikiendi inawaendea poa.

Juzi kuna mtu kaweka picha ya kapibara humu, akauliza kama ni mnyama wa kweli au katengenezwa na kompyuta. Nilicheka, maana mimi nimewafuga. Haya yamenitokea mwenyewe. Kuna sehemu hazinipendezi hata mimi, ila nitaziandika hivyo hivyo.

Ilikuwa Qatar, kati ya 2012 na 2015.

Nilienda kama mlinzi, nikakaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, hapo Doha, chumba kimoja watu sita. Baadaye nikahamishiwa kwenye mazraa, yaani shamba, la tajiri mmoja mbele kidogo ya Al Wukair. Bosi alikuwa mzee wa Kiqatari, tukimwita Baba Nasser. Alipenda wanyama kuliko magari.

Alikuwa na ngamia, swala, mbuni. Na kwenye uzio mmoja wenye bwawa na kivuli, wanyama wa Amerika Kusini: wanne waitwao mara, ambao ni kama sungura aliyeazima miguu ya swala, na kapibara sita.

Kwa asiyemjua: kapibara ni jamii ya panya, mkubwa kuliko wote duniani. Chukua pimbi, mtie hamira, muache aumuke mpaka afike kilo hamsini. Ndiye huyo.

Nilipewa uzio huo pamoja na Wafula, Mkenya wa Bungoma. Tukawapa majina. Dume kubwa tulimwita Mwenyekiti. Jike moja lenye tamaa tulimwita Mama Ntilie.

Wakuu, wale wanyama wananishangaza mpaka leo. Macho, masikio na pua viko juu kabisa ya kichwa kama kiboko. Wanapiga mluzi kama ndege. Mwenyekiti alikuwa na uvimbe mweusi juu ya pua, nikaripoti kuwa ana jipu. Kumbe ni tezi ya harufu waliyo nayo madume, anaisugua kwenye miti kuweka harufu yake. Nilichekwa wiki nzima.

Sasa tatizo.

Kulikuwa na sheria moja kali: usimpe mnyama chochote nje ya orodha. Kuna mgeni aliwahi kumpa swala mikate, swala akafa, na mfanyakazi aliyekuwa zamu akapandishwa ndege kurudishwa kwao. Kapibara walikula majani makavu ya kwenye marobota na chakula cha punje cha kwenye magunia. Basi.

Mimi mchana nilikuwa nakula karibu na uzio, nakatakata kachumbari yangu. Siku moja Mama Ntilie akaja akanyakua kipande cha pilipili hoho kupitia kwenye waya. Akatafuna amefumba macho. Kesho yake akaja tena. Ikawa desturi yetu, kila siku nusu hoho. Sikumwambia mtu isipokuwa Wafula.

Miezi ikapita. Kapibara wakaanza kuchechemea.

Kwanza wawili, halafu watano. Fizi zikavimba zikawa nyekundu, wakawa wanashindwa kutafuna. Daktari wa mifugo wa pale akasema ni sakafu ya saruji inaumiza miguu. Tukamwaga mchanga. Wapi.

Ndipo akaja Dk. Luciana. Mama wa makamo, Mbrazili, mtafiti wa kapibara na wanyama wengine wa kwao. Alikuwa anachunguza wanavyoishi kwenye nchi za joto kavu, na Baba Nasser akamkaribisha wiki tatu.

Mimi nikawa msaidizi wake. Alinipa karatasi yenye visanduku. Kila dakika kumi naandika: nani yuko majini, nani anakula, nani kalala, nani anachechemea. Siku ya kwanza niliandika "Mwenyekiti ana huzuni". Akafuta.

"Hassani, huzuni umeionaje?"

"Kalala tu, doctor."

"Basi andika kalala. Andika ulichoona."

Nilianza kuipenda ile kazi kuliko nilivyotegemea. Niliona wanakula choo chao asubuhi, nikadhani wamechanganyikiwa. Akanieleza kuwa nyasi ni ngumu, inabidi zipite tumboni mara mbili ndipo wapate chakula chote. Nilikuwa nasubiri asubuhi ifike nione kingine.

Wiki ya pili alikaa na daftari kivulini, akaniambia jambo lililonikata maini.

Alisema mwanzoni alihisi wanakosa vitamini C. Kapibara ni kama binadamu, mwili wake hauwezi kuitengeneza. Kwao anaipata kwenye majani mabichi. Lakini gunia la punje lilikuwa limeandikwa kuwa ina vitamini C. Na zaidi ya hapo, Mama Ntilie anakula punje zile zile na ni mzima kabisa.

"Kwa hiyo nimeifuta hiyo," akasema. "Huyu ana kitu tofauti kwenye damu. Jumapili nitamlaza kwa dawa nitoe damu."

Alikuwa ameshanieleza kuwa kumlaza kapibara kwa dawa ni hatari, anaweza asiamke.

Wakuu, nilirudi kwenye karatasi yangu nikaendelea kujaza visanduku.

Mchana nikamwambia Wafula. Akaangalia nyuma kwanza.

"Buda, nyamaza. Ukisema, wanakupack leo leo. Wewe na mimi, kwa vile nilijua."

Nikanyamaza. Siku mbili nzima. Nikajiambia hoho haiwezi kuwa dawa, ni mboga tu.

Asubuhi ya siku ya tatu tulimkuta Mwenyekiti amekufa kando ya bwawa. Alikuwa hajala siku kadhaa, meno yamelegea. Dk. Luciana alipiga magoti akampangusa tope usoni kwa leso yake.

Nikashindwa. Nikamwambia palepale.

"Doctor, Mama Ntilie mimi nampa hoho. Kila siku. Tangu kabla hawajaugua."

Nilitegemea atanifokea. Akavuta daftari.

"Nyekundu au kijani?"

"Nyekundu mara nyingi."

"Kiasi gani? Saa ngapi? Na mbegu zake?"

Alipomaliza kuandika, akaenda moja kwa moja kwenye stoo ya magunia. Bati juu, hakuna AC, ndani kama tanuri. Akashika gunia akatikisa kichwa. Vitamini C ya kwenye punje ilikuwa imeshaharibiwa na joto, imebaki maandishi tu; Mama Ntilie alikuwa anaipata kwenye hoho yangu.

Mchana ule ule wakaanza kupewa vitamini, hoho na majani mabichi. Mama Ntilie hakulazwa. Baada ya siku chache nikaandika kwenye kisanduku: "jike dogo katembea mpaka majini." Wagonjwa wote wanne waliobaki wakapona taratibu.

Kabla hajaondoka, Dk. Luciana aliniambia, bila hasira, "Ile kazi yako ya hoho imetuonyesha jibu. Lakini ulinikalia nalo siku mbili, Hassani."

Kisha nikaitwa kwa Baba Nasser. Meneja wa shamba alishaandaa barua ya kunirudisha nyumbani. Mzee akaisoma, akaiweka chini, akaniuliza kwa Kiingereza chetu cha kule:

"Kwa nini mmoja tu? Wengine kwa nini hukuwapa?"

Nikamwambia ukweli. "Baba, nilikuwa na hoho moja tu. Na yeye ndiye aliyekuja."

Akaichana barua. Wafula hakuulizwa kitu, na mimi sikumtaja.

Nilichojifunza: mtu anayetafuta ukweli ukimnyima kipande kimoja, hata cha mboga, anaweza kufika kwingine kabisa akiwa na akili zake timamu. Huwa najiuliza kama Mwenyekiti angepona ningesema siku ile ile. Daktari alisema huenda ndiyo, huenda hapana.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mliowahi kufanya kazi na wanyama au watafiti, mngesema siku ya kwanza huku visa yako iko mikononi mwa bosi? Nijibuni kwa ukweli, hata mkinisema nitasoma.